Ajuji, Aliyeokotwa Jaani

Mtoto alizaliwa asubuhi ya upepo wa hunturu, ule upepo mkavu unaotoka jangwani na kuupaka mji mzima vumbi mithili ya unga. Tabawa hakugeuza uso kumtazama.

"Msichana," alisema Gwaggo Kulu, shangazi wa mumewe, ambaye ndiye aliyekuwa mkunga wa Mtaa wa Marina na mitaa ya jirani. "Mzima kabisa. Ana mapaja ya mwanamieleka."

"Alhamdulillahi," Tabawa alijibu, macho yake yakiwa ukutani.

"Hutaki kumwona?"

"Nimesikia sauti yake. Inatosha."

Gwaggo Kulu hakumlazimisha. Alikuwa amemzalisha Tabawa mara zote, na mara zote alikuwa pia amewaosha watoto wale kwa kuwaaga. Sani alifariki akiwa ameanza kutembea kwa kushika kuta. Mariya alikwenda na homa kabla meno hayajaota. Wa tatu hakuifikia hata siku ya saba, kwa hiyo hakuwa na jina la kumlilia. Tangu huyo wa tatu Tabawa alikuwa amekata shauri moyoni, wala hakumwambia mtu: akijaliwa mwingine atamzaa, atamnyonyesha, atamwosha, lakini hatampenda. Waliomwibia mara tatu walikuwa wameingia kwa mlango huo.

Akamnyonyesha kweli. Alimpa titi kama mtu anayemfungulia mgeni mlango bila kumwambia karibu, kisha akamrudisha kwa Gwaggo Kulu.

Mke mkubwa, jina lake Uwani, alikuja kuchungulia, amejifunga kanga kiunoni na mikono ina unga wa mtama. Yeye alikuwa na watoto wengi na ulimi mwingi zaidi.

"Huyu ana sauti ya muuza nyama!" alisema. "Mwenzangu, ulikula nini? Mwaka huu hatutahitaji mwadhini."

Tabawa hakucheka. Uwani akainama, akakitazama kile kichanga, kisha akamtazama mama yake aliyeukabili ukuta. Akatoka bila kuongeza neno, na haikuwa desturi yake kutoka hivyo.

Jioni, kabla ya sala ya magharibi, Gwaggo Kulu alimwita Malam Iro kwenye mlango wa chumba. Malam Iro alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyefundisha Kurani kwenye ukumbi wa kuingilia nyumbani kwake, na wanafunzi wake walimwogopa kwa sababu tu hakuwahi kuwapigia kelele.

"Huyu tutamtupa," Gwaggo Kulu alisema. "Kesho. Na jina lake la nyumbani ni Ajuji."

"Jaa?" Malam Iro aliuliza. "Mwanangu aitwe jaa la takataka? Gwaggo, mimi nimewafundisha watu miaka yote hii kwamba mtoto apewe jina zuri."

"Majina mazuri umeshatoa. Sani lilikuwa zuri. Mariya lilikuwa zuri sana. Wako wapi?"

Malam Iro alivuta ndevu zake.

"Kuishi na kufa ni kwa Mungu," alisema hatimaye.

"Nani kabisha? Mimi sitaki kumzuia Mungu. Nataka hicho kifo kikipita kikiuliza, 'Humu mna mtoto?', tujibu, 'Hamna, mna takataka tu.' Wewe siku ya saba mwite imamu, mchinje kondoo, mumpe jina la kitabuni. Sisi wanawake tutabaki na letu."

"Mimi nitamwita Hauwa."

"Mwite hata Malkia. Ila umwite polepole."

Basi ikawa hivyo. Desturi yenyewe kila mtu Marina aliijua. Mwanamke aliyezika watoto, akizaa tena, mtoto hubebwa na mzee wa nyumba, akalazwa juu ya jaa kama kitu kisichotakiwa. Mtu mwingine hupita pale kama kwa bahati, akashangaa, akamwokota. Kisha huja mlangoni anamnadi, na wenye nyumba humnunua kwa kitu cha hovyo, pumba za mtama au kibuyu kilichopasuka. Kuanzia hapo mtoto si wa yule mama aliyeandamwa. Ni takataka iliyookotwa na mtu fulani, ikauzwa.

Aliyechaguliwa kuokota alikuwa Dije. Aliishi peke yake ng'ambo ya visima vya nili, mjane, mkamuaji wa mafuta ya karanga, na mashudu yake aliyakaanga vipande vigumu vitamu ambavyo wanafunzi wa Malam Iro walivitafuna hadi taya ziwaume. Hakuna aliyewahi kumwona na mtoto. Alihamia Marina akiwa mtu mzima, ameolewa na mtia nili mzee, na mzee huyo alipofariki alibaki hapo hapo na kinu chake.

"Nyumba ya Dije kifo cha watoto hakiijui njia yake," Gwaggo Kulu alieleza. "Hakijawahi kuitwa huko."

Asubuhi ya pili, Uwani akiwa anachochea moto chini ya lile jungu kubwa la maji ya majani ambayo Tabawa alipaswa kuogea yakiwa bado yanachemka, Gwaggo Kulu alimfunga mtoto kwenye kitambaa kikuukuu, akamweka ndani ya ungo uliotoboka, akamwagia juu majani makavu kidogo na majivu baridi. Tabawa alisikia miguu ya yule mzee ikitoka uani, ikavuka ukumbi, ikapotelea barabarani. Alibaki kitandani, makaa ya moto chini yake, akihesabu sauti za nyumba: kinu cha jirani, wanafunzi wakisoma kwa pamoja, mbuzi wa Uwani.

Jaa halikuwa mbali. Mtu angeenda na kurudi maji hayajachemka.

Maji yakachemka. Uwani akayapunguzia moto. Yakachemka tena.

Gwaggo Kulu aliporudi, alirudi mikono mitupu.

"Kakataa!" alisema akiwa bado kizingitini, pumzi zinamruka. "Yule mwanamke ana wazimu! Kamwokota vizuri, kasema maneno yote kama ilivyo, nikatangulia kuja kumngoja. Namngoja, simwoni. Narudi kumfuata kwake, kafunga mlango! Nasema, 'Dije, lete tuinunue hiyo takataka yako.' Ananijibu kutoka ndani, 'Siuzi kwako.' Namwambia, 'Una maana gani?' Anasema, 'Aliyetupa aje mwenyewe.'"

"Aje mwenyewe nani?" Uwani aliuliza.

"Huyu hapa! Mzazi wa jana tu, damu haijakauka, na upepo huu! Sijaona. Nakwenda kwa mkuu wa mtaa sasa hivi."

Tabawa alikuwa ameketi. Hakujua ameketi lini. Maziwa yalikuwa yamelowesha kifua cha gauni lake. Alitaka kusema, "Mwacheni akae naye basi." Hayo ndiyo maneno ambayo mtu asiyempenda mtoto angeyasema, na alikuwa amejizoeza miezi tisa. Akafungua mdomo ayaseme.

"Kanga yangu iko wapi?" ndilo lililotoka.

"Utakwenda wapi wewe?" Gwaggo Kulu alimaka. "Lala chini!"

"Nipisheni."

"Upepo utakuingia tumboni! Na mchana kweupe! Mke wa Malam!"

Tabawa alisimama. Akashika mlango, akasubiri ukuta uache kuzunguka. Ilikuwa zamu ya Uwani kumzuia, na Gwaggo Kulu alimtazama akitaraji msaada. Uwani akavua shuka nzito ya sufu aliyokuwa amejitanda, akamfunika mwenzake kichwa na mabega, akaibana vizuri kifuani. Kisha akachota pumba kwenye kibuyu kidogo, akamtia mkononi.

"Usiende mikono mitupu," alisema. "Na yule mwanamke akikuletea maneno, mwambie mimi nitakuja nyuma yako. Ulimi wangu anaujua."

Hapakuwa na njia ya kutoka ila kupitia ukumbini. Wanafunzi walikuwa wameketi kwenye mchanga na mbao zao mapajani, wakiyumba na kusoma. Tabawa alipotokea, sauti zikakatika moja baada ya nyingine, kama taa zinazozimwa. Malam Iro aliinua kichwa.

"Wewe," alisema kwa mshangao, kwa kuwa hakuwahi kumtaja mkewe kwa jina mbele za watu, wala mkewe hakumtaja yeye. "Unakwenda wapi?"

"Namfuata mwanangu."

Neno hilo Tabawa hakuwahi kulitamka mbele yake. Sani alikuwa "huyo mtoto." Mariya alikuwa "yule mdogo." Heshima ya mji ule ilitaka mama asimwite mwanawe hivyo mbele ya watu, na Tabawa alilelewa na watu wa heshima. Malam Iro alilisikia, akaelewa kwamba limetoka mahali pasipo na mlango wa kulirudisha. Angeweza kukataza. Alivuta miguu yake iliyokuwa imezuia njia.

"Nenda salama," alisema. Kisha akawageukia wanafunzi. "Nani kawaambia mnyamaze?"

Nje, jua lilikuwa jeupe nyuma ya vumbi. Tabawa hakuwa amepita barabara ile mchana tangu alipoolewa na kutawishwa, na aliiona ngeni, pana mno. Kwenye visima vya nili watia rangi walikuwa wamechuchumaa, mikono ya buluu hadi viwiko, wakizamisha na kuinua vitambaa.

"Jamani, si mke wa Malam huyo?" mmoja alisema. "Leo jua limechomoza kusini!"

"Inamisha macho, mshenzi," mwenzake alimkemea. "Huoni anavyotembea? Ametoka kuzaa."

Wakainamisha vichwa wote, hata yule mchokozi, na Tabawa akapita.

Kisha akafika kwenye jaa. Lilikuwa kubwa kuliko alivyolikumbuka, kilima cha majivu na maganda na vyungu vilivyovunjika, mbuzi wakipekua juu yake. Ule ungo uliotoboka ulikuwa bado hapo, umegeuzwa na upepo. Tabawa aliutazama. Mtoto wa jana, aliwaza, akalazwa hapo, kwenye baridi hii, na mimi nilikuwa nimeukabili ukuta. Akaongeza mwendo mpaka ikambidi asimame na kushika tumbo.

Mlango wa Dije ulikuwa umerudishwa tu. Ndani palikuwa na joto na harufu ya karanga. Dije alikuwa ameketi karibu na jiko, mwanamke mkavu, mwenye mikono mikubwa ing'aayo mafuta, na mapajani mwake kulikuwa na bunda lililofunikwa kabisa, halionyeshi hata unyayo.

"Salama aleikum," Tabawa alisema.

"Aleikum salam. Umekuja kutafuta nini?"

"Mtoto."

"Mtoto gani?"

"Mtoto wangu."

"Mimi nimeokota kitu jaani. Sijui kama ndicho chako. Kikoje hicho chako?"

Tabawa alimtazama bila kuelewa.

"Mtu akipoteza mbuzi anasema mweupe, au ana doa, au pembe moja imevunjika," Dije alisema, bila ukali. "Wako yukoje? Nywele nyingi au chache? Ana alama wapi? Macho yake?"

Tabawa akatafuta jibu. Akatafuta kweli, kama mtu anayepekua sanduku alilojua limejaa na kulikuta tupu. Alikumbuka ukuta. Kila ufa wa ule ukuta angeweza kuueleza. Akaketi chini palepale mlangoni na kulia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia kwa Sani, wala kwa Mariya, wala kwa yule asiye na jina, kwa sababu kila mara walimwambia astahimili.

Dije alimwacha alie. Alimsogezea kata ya maji ya moto yenye tangawizi.

"Kunywa. Sogea kwenye moto. Anapumua, ameshiba, nimempigia jirani yangu hodi akamnyonyesha. Sikumwokota ili nimuue. Umeambiwa kuna Ajuji wangapi Marina?"

Tabawa alitikisa kichwa.

"Nilipoolewa hapa mama mkwe wangu alinihadithia wa kwanza. Anasema ilikuwa zamani za wapanda farasi, walipokuwa wanavamia miji na kubeba watu. Siku hiyo walifika wanaume wakiwa mashambani. Kulikuwa na mwanamke hapo karibu na visima, ana watoto, na mdogo kabisa ni wa kunyonya. Akaona hawezi kukimbia na wote. Akamchimbia yule mdogo kijishimo kwenye jaa, akamfunika majani na ungo, akakimbia na wengine upande wa pili ili wafuatwe wao. Wakakamatwa wote. Usiku wanaume waliporudi, hamna mtu, wanasikia jaa linalia. Wakamwita Ajuji. Hakuna aliyemtupa, unanisikia? Alifichwa. Jina lilianzia kwa mtu aliyefichwa."

Alichochea moto kwa kijiti.

"Wa pili huyo nilimkuta hai, mzee sana. Ajuji mpiga vibuyu. Alikuwa anafunika vibuyu kwenye beseni la maji, anavipiga kwa vijiti, na harusi isiyokuwa naye watu waliondoka mapema. Mpaka wake wa mfalme walituma mtu kumwita. Mtumishi akamwambia, 'Jina lako halifai kutamkwa mbele ya watukufu, tutakutangaza kwa jina lingine.' Akasema, 'Basi mpelekeni huyo mwingine akapige,' akageuza punda. Walimfuata hadi langoni mwa mji kumbembeleza."

Tabawa alijikuta anatabasamu huku machozi hayajakauka.

"Mwingine ni yule wa mwaka wa njaa. Watu waliuza milango yao. Yeye alikuwa na mguu mbovu, hawezi kwenda popote, akaona majani ya tafasa, ile mboga ya mwituni, yanaota kwenye jaa wakati mashamba yamekauka. Akachuma, akachemsha, akakanda na mashudu ya karanga. Watu walikula jaani mwaka ule, wenye vilemba kwa wasio navyo, na yeye akiwacheka, 'Leo mnanijua jina?' Mashudu alikuwa anachukua kwa mama mkwe wangu, kwenye kinu hiki."

Mkono mkubwa wa Dije ulikuwa juu ya lile bunda, unapanda na kushuka pamoja nalo.

"Halafu kuna wangu," alisema.

"Wako?"

"Nilikuwa na mume kabla ya huyu wa Marina. Mji mwingine, hunijui huko. Nilizika wawili, wa tatu wakamtupa, wakamwita Ajuji. Mama wa mume wangu akaniambia, 'Usimwangalie sana. Usicheze naye. Usimwite mwanangu. Kifo kikiona unampenda kitajua si takataka.' Nikatii. Nilikuwa hodari wa kutii. Alikuwa akinijia anakimbia, namwambia nenda kwa bibi yako. Alijifunza kubeba maji kwenye kibuyu kidogo, analeta hadi mlangoni kwangu, anasimama. Nampokea maji. Yeye simpokei." Dije alipumua. "Akapata surua. Kifo kilijua njia, Tabawa. Hakikudanganyika hata kidogo. Aliyedanganyika ni mtoto. Aliondoka anajua yeye ni takataka kweli."

Nje mtu alipita akipiga kelele za kuuza kuni.

"Kwa hiyo jina halizuii," Tabawa alisema mwishowe.

"Sijui. Wale watatu walizeeka. Wangu hakuzeeka. Mimi si wa kukuahidi. Kulu anasema walinichagua kwa kuwa kifo hakijui kwangu. Nikasema moyoni, hamjui mnamwita nani. Lakini Kulu kaniambia umeukabili ukuta, na nilipomkuta anatikisa mikono kwenye ule ungo, nikasema sitampeleka nyumba ambayo anapokewa na ukuta. Mwite jaa, mwite kinyesi cha punda, kama watu wanafarijika. Ila wewe mwenyewe, ukiwa naye, usimdanganye."

Akaondoa kitambaa.

Tabawa alisogea kwa magoti. Aliangalia polepole, kuanzia juu, kama mtu anayejifunza herufi.

"Nyusi zake zimeungana," alisema. "Kama za Malam. Masikini, mtoto wa kike na nyusi kama hizo." Akagusa. "Sikio hili limekunjika huku juu. Ana majivu puani. Na hapa shingoni amebabuka, sisimizi wamemuuma?"

"Mmoja. Nilimuua."

"Vidole vyake virefu." Mtoto alifungua macho, akayafumba, akayafungua tena, akakunja uso kwa hasira ya mtu aliyeamshwa bila sababu, na kupiga ukelele. Tabawa akacheka, cheko lililochanganyika na kwikwi. "Kweli ana sauti ya muuza nyama."

"Basi ndiye wako," Dije alisema. "Nani ananunua takataka yangu?"

Tabawa akanyoosha kibuyu cha pumba. Dije akazishika, akazinusa.

"Za Uwani hizi, zimejaa mawe," alisema. "Haya, chukua, nisije nikajuta."

Lakini alipomkabidhi, mikono yake ilikawia hewani, na Tabawa aliiona.

"Mama," alimwambia, "nitahitaji mtu wa kumshika ninapokuwa jikoni. Watoto wa dada Uwani wana fujo."

Dije aliitikia kwa kichwa, akageukia kinu chake.

Siku ya saba kondoo alichinjwa, imamu akamnong'oneza mtoto jina la Hauwa sikioni, lile lililokunjika. Wageni wakala, wakaombea, wakaondoka. Gwaggo Kulu hakumsemesha Dije mpaka mvua za kwanza, na hata walipopatana waliendelea kuitana majina mabaya kwa furaha. Uwani alimtetea Tabawa kwa kila aliyeuliza kuhusu ule mchana: "Alikwenda sokoni kununua takataka. Wewe hujawahi?" Watu wa heshima walisema mke wa Malam siku hizi hana haya, anamwita mtoto mwanangu mbele za watu. Tabawa alisikia. Alipokuwa peke yake alijaribu tena, mwanangu, mwanangu, na kila mara hofu ilikuja ikakaa kando yake kama mgeni wa kawaida.

Ajuji alipofikia umri wa kubeba vitu kichwani, surua iliingia Marina. Ilipita nyumba kwa nyumba. Mjukuu wa Gwaggo Kulu alikwenda, na watoto wawili wa watia nili. Ajuji alilala na macho yaliyoziba, ngozi imewaka moto, na Tabawa hakugeuza uso. Alimlaza kifuani, akamwita majina yote, la kitabuni na la jaani na mengine aliyoyatunga papo hapo. Dije aliketi upande wa pili, anamdondoshea maji mdomoni kwa kidole. Hapakuwa na aliyemwambia mwenzake astahimili. Malam Iro alikuwa anaingia kati ya sala na sala, anasimama, anatoka. Asubuhi moja mtoto alisukuma kidole cha Dije.

"Sitaki maji," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Nataka cha kutafuna."

Dije alitoka nje, akaegemea ukuta wa ghala la mtama, akalia mpaka Uwani alipokuja kumshika mkono na kumrudisha ndani.

Jicho moja la Ajuji lilibaki na wingu. Hakuonekana kulijali sana. Alikua mrefu kama baba yake, nyusi zile zile, mcheshi, mgomvi, na serikali ilipofungua shule ya wasichana karibu na lango la mji, Malam Iro alimshika mkono akampeleka mwenyewe, kitu ambacho majirani walikizungumza wiki nzima.

Jioni ile Malam Iro alirudi nyumbani akicheka peke yake. Alikaa mlangoni mwa chumba cha Tabawa, sinia la tuwo, ugali wa mtama, mbele yake, Uwani na Dije wakiwa pale pale wanabangua karanga, akawasimulia.

Mwalimu, kijana wa kutoka mji mwingine, alikuwa amemuuliza binti jina lake. Ajuji, akasema. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akasema hilo si jina la mtu, hawezi kulitumia, je, hana lingine? Malam Iro mwenyewe akafungua mdomo kumwambia lingine lipo, zuri, alilolichagua yeye.

"Akaniwahi," Malam Iro alisema. "Kamwambia mwalimu, 'Lingine ni Hauwa. Ukiniita Hauwa nitaitikia. Ukiniita Ajuji nitakuja.'"

"Mwalimu akasemaje?" Tabawa aliuliza.

"Alinitazama mimi. Nikatazama dari." Malam Iro alimega tuwo, akaichovya kwenye mchuzi. "Basi akamwita. Mara ya kwanza kwa sauti ndogo, anaona aibu. Binti yako akajifanya hasikii. Ikabidi apaze sauti."